Tela la Kulala kwa SUV ya Wastani: Maswali Tunayoulizwa Sana Hapa Tanga

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Tanga mjini, Muheza na Korogwe, na kwa wageni wanaotaka kushuka Pangani au kupanda Lushoto huku wakivuta kitanda chao nyuma. Tukisema SUV ya wastani tuna maana ya Prado, Fortuner, Kluger, Harrier, RAV4, X-Trail na wenzao wa kimo hicho. Utaona majibu mengi yanazunguka kwenye uzito. Rangi ya mapazia utachagua mwenyewe.

Gari langu linaweza kuvuta tela la kilo ngapi?

Jibu liko kwenye kitabu cha gari, na hapo ndipo shida inapoanza. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na katalogi za soko la ndani la Japani mara nyingi haziandiki kabisa uwezo wa kuvuta. Ukimuuliza fundi atakujibu, "Hilo linavuta tu, mjomba." Kuvuta litavuta, hata bajaji ikibidi itavuta. Kazi iko kwenye kusimama, kupoza injini na kukata kona bila tela kukuongoza wewe.

Ukikosa namba ya gari lako, tafuta ya gari hilohilo lililouzwa nchi nyingine, lenye injini na giaboksi sawa na yako. Utakuta hazifanani. Kluger ya V6 ya mwaka 2014 hadi 2019 iliuzwa Marekani kwa jina la Highlander ikiwa na uwezo wa pauni 5,000, yaani kama kilo 2,270. Australia gari hilohilo liliandikiwa kilo 2,000. Prado 150 ya dizeli huwa kati ya kilo 2,500 na 3,000 kutegemea injini, mwaka na soko. RAV4 ya kizazi cha 2019 ndiyo inayochanganya zaidi: kwa Marekani, toleo la kawaida ni pauni 1,500, kama kilo 680, na kuna matoleo mengine ya gari hilohilo yenye pauni 3,500, karibu kilo 1,590. Ukinunua tela kwa kuangalia namba ya jirani yako, unaweza kujikuta umezidisha zaidi ya mara mbili.

Sisi tunashauri uchukue namba ndogo kuliko zote ulizozipata, halafu uishie robo tatu yake. Joto la Tanga na milima ya Usambara ndiyo itakula robo iliyobaki. Angalia pia kama namba hiyo ni ya tela lenye breki au lisilo na breki, kwa sababu vitabu vingi hutaja zote mbili, na ya bila breki mara nyingi haivuki kilo 750.

Muuzaji ameniambia tela lina kilo 900. Si nyepesi hiyo?

Kilo 900 ni tela tupu, likiwa limeegeshwa yadi bila hata kijiko. Anza kulijaza. Tangi la maji la lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa huwa karibu kilo 30, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 inakaribia kilo 30. Weka friji, tairi la spea, jeki, viti, meza, magodoro, sufuria, mkaa, kreti ya soda, na lile gunia la viazi na makabichi ambalo hakuna anayerudi kutoka Lushoto bila kulinunua. Hizo 900 zinafika 1,250 bila wewe kujiona umebeba kitu.

Namba ya kushika ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa tela likiwa limejaa. Umegongwa kwenye kibati karibu na shingo au mlangoni. Huo ndio unaoulinganisha na uwezo wa gari. Kama kibati kimeng'olewa, jiulize kwa nini, kisha lipeleke tela mizani. Yadi za vyuma chakavu na maghala ya mazao wana mizani ya magari, na ukienda kwa adabu saa ambayo hakuna foleni watakupimia.

Uzito wa shingo ni nini, na kwa nini mnausisitiza hivyo?

Shingo ya tela ndiyo inayolala juu ya goroli la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Uzito unaoikandamiza hapo ndio uzito wa shingo. Kwa Wamarekani kanuni ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Ulaya hutengeneza matela ya shingo nyepesi zaidi, na magari yao mengi huruhusiwa kilo 75 hadi 100 tu. Ukipungukiwa, tela linaanza kutikisa mkia. Ukizidisha, nyuma ya gari inakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani unakosa mshiko barabarani.

Kupima hakuhitaji karakana. Simamisha tela mahali tambarare, tia vizuizi magurudumuni, chukua mzani wa bafuni, weka juu yake kipande cha mbao kilichokatwa kwa urefu wa goroli la gari lako, kisha shusha shingo taratibu juu ya mbao hiyo kwa kutumia jeki ya tela. Soma namba. Ikizidi uwezo wa mzani, azima ule wa kupimia magunia.

Watu wengi husahau kwamba uzito wa shingo unahesabiwa kama mzigo wa gari pia. SUV ya wastani nyingi hubeba kilo 500 hadi 650 jumla. Watu watano wa kilo 70 wameshakula 350. Shingo ya kilo 120 inafanya 470. Mizigo ya buti bado, na shemeji hajapanda.

Nina Harrier. Nivute au niachane nayo?

Vuta kidogo. Harrier, RAV4, X-Trail na Kluger bodi na chesisi yake ni kitu kimoja, tofauti na Prado na Fortuner zenye chesisi ya ngazi chini ya bodi. Chuma cha kuvutia kikifungwa vibaya kwenye gari la aina hii, kinavuta bati mpaka linachanika kwenye bolti. Nunua kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lako, kinachofika kwenye mihimili miwili ya nyuma. Usikubali kile cha kuchomelewa kwenye bampa.

X-Trail nyingi zinatumia giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo mafuta yake hupata moto haraka kikivutwa kitu kizito mlimani. Magari mengine ya kimo hiki pia yanazo, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua tela. Kwa kundi hili tunaona bora tela dogo la matone, lile la kitanda cha watu wawili na jiko linalofunguka nyuma, au tela la hema linalokunjuliwa. Lijazwe lisivuke kilo 700 au 800, na hata hapo hakikisha namba za gari lako zinaruhusu. Na kama mko wawili tu, mnalala nje mara chache kwa mwaka, nunueni hema zuri mkalitie kwenye buti. Tunakosa mteja, lakini ndivyo ilivyo.

Tela dogo linahitaji breki zake?

Ulaya na Afrika Kusini kilo 750 ndiyo mstari ambao tela likiuvuka, kwa kawaida breki zinatakiwa. Sisi tunaufuata mstari huo hata pale ambapo hakuna anayekuuliza. Ukitoka Tanga kwenda Dar es Salaam una kama kilomita 350 za kushindana na mabasi na malori, na kila kijiji kina kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Utasimama sana.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Matela ya Uingereza na Afrika Kusini mengi yana breki za kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma shingo yake, na msukumo huo unakaza breki. Hazihitaji waya wowote ndani ya gari. Za Marekani ni za umeme, na lazima ufunge kidhibiti chake karibu na usukani. Za umeme zinakupa uwezo wa kubana breki za tela peke yake kwa mkono, jambo ambalo utalishukuru tela likianza kuyumba. Za kusukumana ni rahisi kwa mafundi wetu kuzitengeneza. Kwa mtu wa hapa, hizo ndizo tunazomshauri.

Nitafika Lushoto na tela?

Utafika, kama tela lako lina adabu. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yao kuna kama kilomita 33 za lami nyembamba, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ukifika juu umeshapungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ulizotoka nazo Mombo.

Simama Mombo kabla ya kukata kulia. Zungukia tela, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto kiasi kwamba mkono unajiondoa wenyewe, beringi zimekosa grisi au breki zimeng'ang'ania, na safari ya mlima iishie hapo mpaka fundi aangalie. Kagua maji ya rejeta, kisha pandeni asubuhi kabla jua halijapamba moto.

Kwenye giaboksi ya otomatiki, zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) au shika gia za chini mwenyewe. Ukiiacha gari ijichagulie, itapandisha na kushusha gia kila kona na kuyachemsha mafuta. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC. Ukiendelea, tafuta sehemu pana ukae pembeni huku injini ikinguruma taratibu. Usiizime ghafla, hasa ya turbo.

Kushuka ndiko kunakoua. Gia uliyopandia ndiyo ushukie, na breki uzikanyage kwa vipindi, uziachie zipoe. Ukisikia harufu ya kitu kilichoungua ukikaribia Soni, usidhani ni shamba la mtu. Tela refu la zaidi ya mita tano hatulipendi njia hii, kwa sababu kwenye kona kali mkia wake unakwenda upande wa basi linalokuja. Mkitaka kuendelea Mtae, liacheni tela Lushoto mwende na gari tupu. Amani nayo, kupitia Muheza, ina vumbi, mawe na kona za msituni. Hapo tela libaki nyumbani.

Niagize la Marekani, la Uingereza au la Afrika Kusini?

Afrika Kusini, kwa watu wengi. Wao wanaendesha kushoto kama sisi, umeme wao ni volti 230, na wana viwanda vinavyotengeneza matela ya porini hasa, kama Conqueror na Echo, yenye chesisi ngumu na nafasi ya kutosha chini. Kasoro yake ni uzito. Matela hayo ya porini yanapendeza nyuma ya Land Cruiser, lakini Harrier itayalilia.

La Marekani lina mtego wa mlango. Umewekwa upande wa kulia, maana huko ndiko kwenye ukingo wa barabara yao. Hapa ukiegesha kushoto, mtoto anashukia kwenye njia ya malori. Umeme wake ni volti 120. Ukichomeka kwenye umeme wa TANESCO bila transfoma, utanunua vifaa vyote upya. Uzito mara nyingi umeandikwa kwa pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Na goroli lake mara nyingi ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, wakati la Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini tela la inchi 2 likikaa juu ya goroli la 50 linacheza, na shimo moja la maana linaweza kulichomoa. Badilisha goroli lilingane na tela. Usibahatishe.

La Uingereza ni jepesi na linavutia kwa SUV ndogo, tena mlango wake uko kushoto. Limejengwa kwa lami, lakini. Kilomita chache za barabara ya makorongo na kabati zinaanza kuachana na ukuta.

La mkononi nalikaguaje?

Ingia ndani, funga mlango na madirisha, kaa dakika tano. Harufu ya uvundo ikikujia, maji yameshaingia. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kila pembe ya dirisha, kwenye kona za dari, na kandokando ya sakafu mahali ukuta unapoanzia. Mbao nzima inakataa kidole. Iliyooza inabonyea kama mkate uliolowa, hata kama karatasi ya ukutani ni mpya kabisa. Kwa kweli ukuta uliobandikwa upya kona moja tu ndio wa kuutilia shaka zaidi. Karavani za zamani zina fremu ya mbao ndani ya ukuta, na masika ya hapa, Machi mpaka Mei, hayana huruma nazo.

Kisha lala chini uangalie chesisi. Tela lililokaa karibu na bahari, Raskazone au Mwambani, linaliwa na chumvi kuanzia ndani ya mabomba, mahali macho hayafiki. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Chesisi iliyochovywa zinki ina thamani ya ziada hapa kwetu, ilipie.

Matairi usiangalie kashata peke yake. Tela linaweza kukaa miaka bila kutembea, kashata zikabaki mpya na mpira ukazeeka. Soma namba nne ubavuni: 1419 maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Likivuka miaka sita, libadilishe.

Fundi welda wa mtaani anaweza kunitengenezea?

Anaweza, na tumeona kazi nzuri. Mpe vipimo, usimpe picha tu. Kosa la kawaida ni kuiweka ekseli katikati kabisa ya tela kwa sababu inapendeza kwa macho. Tela la namna hiyo halina uzito wa shingo na litayumba ukifika kilomita 70 kwa saa. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, ili mzigo ukipangwa, kama asilimia 60 iwe mbele yake. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli. Tangi la maji likiwekwa nyuma kabisa, kila ukilijaza shingo inanyanyuka.

Kosa la pili ni uzito. Mafundi wetu wanapenda chuma kinene, na wana sababu zao, lakini tela la kilo 600 tupu kwa kitanda kimoja ni zoezi la kumaliza mafuta.

Tela likianza kuyumba barabarani nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kulifukuza kwa usukani, utaongeza. Ukiwa na kidhibiti cha breki za umeme, bana cha tela peke yake. Likitulia, simama upange mzigo upya, maana sababu karibu kila mara ni mzigo wa nyuma, upepo wa tairi au mwendo. Kilomita 80 kwa saa zinatosha. Upepo wa kusi nao unasukuma ubavuni ukiwa sehemu za wazi, na basi likikupita utauhisi mara mbili.

Ushongo na fukwe za Pangani je?

Kwenye mchanga shusha upepo wa matairi ya gari na ya tela pia, mpaka kama psi 20, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye njia ngumu. Beba pampu. Usilishushe tela ufukweni penyewe. Liache juu ya mstari wa minazi, kwa sababu siku za bamvua maji yanafika mahali ambapo jana ulikuwa umetandika mkeka. Ukivuka mto kwa pantoni wakati maji yamekupwa, ngazi yake inakuwa na mwinuko mkali, na tela lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli linasugua chini. Subiri maji yapande.

Saadani mvua zikinyesha, usiende na tela. Udongo mweusi ule ukilowa haushiki tairi la mtu yeyote.

Ukirudi, osha chesisi, breki na springi kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo.

Kurudi nyuma kunanishinda.

Shika usukani kwa mkono mmoja, sehemu ya chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukienda kulia, unakwenda kulia. Sogea polepole, kidogo kidogo, na ukiona limepinda sana nenda mbele unyooke uanze upya. Fanyeni mazoezi kiwanjani, na anayeelekeza asimame mahali unapomwona kwenye saitimira. Akipotea kwenye kioo, simama.

Karatasi zipi zinatakiwa?

Tela linasajiliwa TRA peke yake na kupata namba yake. Ukiagiza nje, kwenye vitabu vya forodha matela ya kulala yana kifungu chao, 8716.10; mwambie wakala wako akitumie hicho ili lisiingizwe kama tela la mizigo, na kumbuka VAT ya asilimia 18 juu ya ushuru. Mweleze mtu wa bima kwamba unavuta, na tela liandikwe waziwazi kwenye bima. Mkivuka Horohoro kuingia Kenya, ulizeni kadi ya njano ya COMESA kwa gari na tela pamoja. Taa za nyuma na indiketa za tela ziwe zinawaka. Trafiki huanzia hapo.

Watoto wanaweza kulala ndani ya tela tukiwa safarini?

Hapana. Hakuna mikanda, kuta ni nyembamba, na dereva hawezi kuwasikia. Wakae ndani ya gari, tela liende bila mtu ndani, mtungi wa gesi ukiwa umefungwa kwenye valvu yake kabla hamjaondoka.